Fisi Aachishwa Ziwa

Chungu kiko jikoni!
Kinachemka!
Kimepikwa nini?
Uji wa mtoto!
Haya, ondoeni vidole chunguni, tuanze.

Hapo kale, Mama Pimbi aliishi mapangoni na mwanawe Tindo. Tindo alikuwa ameota meno mawili, na ziwa peke yake halikumtosha tena. Basi mama akasaga ulezi, akasaga karanga, akabandika uji. Tokota, tokota, tokota.

Fisi akanusa, akaja. Mama Pimbi alikuwa na haya mno. Hata nzi akitua kwenye chakula, alimwomba radhi kabla ya kumfukuza. Akanong'ona, macho chunguni, kwamba uji ule ni wa mtoto mchanga.

"Na mimi ni mtoto mchanga, mama," akasema Fisi. "Sijaachishwa ziwa."

Akaketi, akapanua kinywa. Gubu, gubu, gubu. Uji ukaisha. Tindo akalamba mwiko.

Kesho yake mama akasaga ulezi, akasaga karanga, akabandika uji. Tokota, tokota, tokota. Fisi akaja, akalia nyaa, akapanua kinywa. Gubu, gubu, gubu. Tindo akalamba mwiko, na mbavu zake zikaanza kuonekana. Mama Pimbi akajicheka: mama gani huyu, analea fisi na kumsahau pimbi! Akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akaona kwamba hayakuwa machozi ya kicheko.

Fisi alipokuja tena, Mama Pimbi aliinua macho.

"Mwanangu, umekua. Leo nakuachisha ziwa. Nenda kwa bibi, kama ilivyo desturi."

"Kwa bibi kuna nini?"

"Mayai, maharage ya kuponda, ndizi mbivu. Lakini Bibi Nungunungu hapendi mjukuu wa kumsalimu kwa mbali. Ukifika, mkumbatie kwa nguvu zote."

Fisi hakuaga. Mbio, mbio, mpaka shimoni kwa Bibi Nungunungu.

"Bibi, nimeachishwa ziwa!"

Akamkumbatia. Chwa, chwa, chwa! Akatoka na miiba toka puani hadi tumboni. Wanyama walipomuuliza njiani, alijibu kwamba yeye sasa ni mtu mzima, hanywi uji.

Mama Pimbi akapika tena kwa furaha. Akaonja: umepoa? Akaonja: karanga zimetosha? Akaonja tena, maana uji wa mtoto hauhitaji haraka. Mara akasikia kwaru, kwaru. Mwiko ulikuwa unakwaruza chungu kitupu.

Tindo akamtazama mama yake. Kisha akaitazama njia ya kwenda kwa Bibi Nungunungu.

Mama Pimbi akainuka, akaanza kusaga ulezi upya.

Funzo la hadithi ni hili: uji wa mtoto uonjwe na mama peke yake, kwa sababu mama hana ulafi.

Chungu kiko jikoni!
Kimekauka!
Nani amekikausha?
Fisi!