Nimeachia

Alikuwako mbuzi wa Bi Mosi, mpenda mawaridi ya watu. Siku aliyoyamaliza ya jirani yake tajiri, Bwana Shebughe, alikamatwa akafungwa getini.

"Hatoki mpaka niseme kwa mdomo wangu nimeachia," tajiri aliapa mbele ya majirani.

Bi Mosi hakubishana. Alimkuta akibadilisha balbu za taa za breki za gari lake, akajitolea kumtazamia kama zinawaka.

"Kanyaga breki, Bwana," alisema nyuma ya buti lililo wazi, tajiri akiwa kwenye usukani. "Zinawaka. Sasa achia, tuone kama zinazima. Umeachia?"

"Nimeachia."

"Sisikii, buti limeziba."

"Nimeachia!" alifoka tajiri, mtaa mzima ukasikia.

"Ahsante, Bwana," alisema Bi Mosi, akaenda getini kufungua kamba. "Na taa zimezima vizuri."