Mashine ya Mwalimu Nyangate

Mbaazi ni mmea usiokubali lawama. Ukichanua, sifa ni zake; usipochanua, kosa ni la mvua. Wapo binadamu wa namna hiyo, ambao kazi ikiwashinda hutafuta wa kumtwika mzigo. Mwalimu Nyangate wa Kebirigo nusura awe mmoja wao.

Nyangate alikuwa amefundisha miaka thelathini na mmoja kabla ya kustaafu, na alisifika kwa nidhamu na usafi. Lakini uzee haubishi hodi. Baridi yabisi ilimwingia vidoleni, vikavimba na kukakamaa, na daktari akamkataza kutia mikono katika maji baridi. Mwanawe Manasseh, aliyefanya kazi Nakuru, akamletea mashine ya kuosha vyombo, ya kwanza kijijini. Majirani wakamiminika kuitazama kama waliokuja kumwona bibi harusi.

"Mwanangu amenirudishia mikono yangu," Nyangate aliwaambia, kifua mbele.

Fahari hiyo haikumaliza mwezi. Sahani zilitoka na makombo ya ugali, bilauri zikawa na ukungu, vikombe vikatoka vimejaa maji. Siku moja kina mama wa kanisa walipomtembelea, wifi yake Nyakerario aliikwangua sahani kwa ukucha mbele ya wote.

"Wifi, mboga hii ya chinsaga ni ya leo au ya juzi?"

Vicheko vikalipuka. Nyangate alitamani ardhi ipasuke immeze.

Tangu hapo hakukosa wa kulaumu. Leo maji ya kisima, kesho umeme hafifu, keshokutwa sabuni. Hatimaye akampigia simu Manasseh.

"Njoo uchukue mashine yako. Walikuuzia takataka!"

"Sawa, Mama," Manasseh akajibu kwa sauti iliyonywea. "Nitakuja Jumapili."

Kesho yake jirani yake Akumu, mzaliwa wa kando ya ziwa aliyesimamia jiko la hoteli moja mjini Nyamira, alimkuta akisugua sufuria kwa mkono, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Mwalimu, chujio la mashine ulilisafisha lini?"

"Chujio? Yaani mimi niioshe mashine iliyoletwa kunioshea vyombo?"

"Ndiyo, Mwalimu. Na kitabu chake cha maelezo, ulikisoma?"

Swali hilo lilimchoma kama mkuki. Miaka yote ile aliwakanya wanafunzi wasijibu mtihani kabla ya kusoma maagizo, na kumbe kitabu chenyewe kilikuwa kabatini, kingali ndani ya nailoni yake! Alivaa miwani, akaketi, akakisoma ukurasa baada ya ukurasa kama mtahiniwa.

Kisha wakaifungua mashine. Chujio la chini lilitoka limeziba kwa ugali na maganda ya maharagwe, likinuka. Bomba linalozunguka likirusha maji lilikuwa limekwamishwa na mpini wa mwiko, na matundu yake yalijaa mbegu za nyanya. Tena sahani zilikuwa zimebanana kama kuni katika mzigo; maji yangepenya wapi?

Wakasugua, wakazibua. Nyangate akakwangua makombo kwenye sahani kabla ya kuzipanga, akaziachia nafasi, akainamisha vikombe, na kwa vyombo vya mafuta akachagua maji ya moto zaidi. Sahani zikatoka safi, lakini bilauri zikabaki na ukungu. Zamani angeilaani mashine. Safari hii alirudi kitabuni, akagundua kwamba maji magumu ya kisima yalihitaji chumvi maalumu ya mashine, na kwamba kulikuwa na kitundu cha kutilia dawa ya kukaushia ambacho hakuwahi kukijaza. Akumu akamletea vyote kutoka mjini. Mashine ilipomaliza, Nyangate akauacha mlango wazi kidogo mvuke utoke, kisha akatoa vyombo vya chini kwanza ili matone ya juu yasividondokee.

Jumapili Manasseh alifika na gari la mizigo na kamba. Nyakerario naye hakukosa, maana alitaka kushuhudia mashine ikiondoka. Nyangate akawaandalia chakula kwanza. Nyakerario aliigeuza sahani yake huku na huku. Ukucha haukupata cha kukwangua. Akainua bilauri kuelekea dirishani. Iling'aa kama umande.

"Hizi nani amezikausha?" akauliza.

"Mashine," Nyangate akajibu. Kisha akamgeukia mwanawe. "Manasseh, nisamehe. Hukuuziwa takataka. Takataka nilikuwa nazo mimi, ndani ya chujio."

Manasseh aliangua kicheko, akamkumbatia mamake hadi miwani ikamwenda upande.

"Basi sina cha kubeba," akasema.

"Beba ndizi za wajukuu wangu."

Nyakerario akajikohoza. "Wifi, binti yangu kule Kisii anayo kama hii, na anailalamikia kila siku. Utamfundisha?"

"Mlete," Nyangate akajibu, kidevu juu. Hii haikuwa tena fahari ya kununuliwa kitu. Ilikuwa fahari ya mtu aliyelitazama kosa lake usoni, akalirekebisha kwa mikono yake mwenyewe. "Lakini mwambie aache kwanza kuilaumu mashine, maana mbaazi ukikosa maua husingizia mvua."