Zana Iliyoitwa Rejesha

Wahenga hawakuwa na kompyuta, lakini mwiba waliujua. Walisema anayeudharau kwa udogo wake mwishowe huuguza mguu mzima. Mwandishi wa programu ninayemsimulia hapa aliijua methali hiyo tangu shuleni, tena aliiandikia insha akapongezwa. Lakini kujua ni kimoja na kufuata ni kingine.

Wenzake walimwita Mkato, maana hakupenda maneno mengi. Ofisi yao ilitengeneza mfumo wa malipo wa kliniki ya figo. Wagonjwa walilipa mapema, na malipo hayo ndiyo yaliyowashikia nafasi kwenye mashine za kusafisha damu. Ofisi ikaamua malipo yashughulikiwe na wakala wa akili mnemba, yaani programu inayoamua na kutenda yenyewe. Wakala huyo alipewa zana kadhaa, kila moja na maelezo yake. Kwa kuyasoma hayo tu ndipo angejua ashike ipi na lini. Kazi ya kuyaandika ilikuwa ya Mkato.

Zana moja iliitwa Rejesha. Mkato akaiandikia hivi: "Tumia malipo yakiwa na tatizo." Akajinyoosha kitini, roho kwatu.

Mkaguzi wa kazi zao, mama mmoja wa dawati la pili, aliisoma akakunja uso.

"Kaka, tatizo gani? Na mbona husemi kwamba pesa zikirudishwa, nafasi ya mgonjwa nayo inafutwa?"

"Kwani nani hapa hajui?"

"Sisi tunajua. Wakala hakuwepo kwenye vikao vyetu."

"Hiyo si inaitwa akili? Basi itajiongeza. Usinitafutie kazi Ijumaa, dada yangu."

"Haya. Mimi yangu macho."

Sasa, Mkato alikuwa na dada mkubwa aliyemlea baada ya wazazi kufariki. Alimsomesha kwa kushona nguo za watu mpaka vidole vikaota sugu. Figo zake zilikuwa zimeshindwa kazi, na uhai wake ulitegemea mashine za kliniki ileile. Mkato ndiye aliyemlipia, kwa simu yake mwenyewe, na hakuwahi kunung'unika.

Wakala akaanza kazi. Kwenye malipo ya dada, akaona aliyelipa si mgonjwa. Je, hilo ni tatizo? Maelezo hayakusema. Wakala akaona ni tatizo, akashika zana aliyoambiwa. Pesa zikarudi, nafasi ikafutwa, nayo ikapewa mgonjwa mwingine. Ujumbe uliingia kwenye simu ya Mkato: malipo yako yamerejeshwa. Lakini simu hiyo ilipokea jumbe za namna hiyo kutwa nzima, za majaribio ya ofisini. Aliufuta kama alivyozoea kufuta mingine.

Dada alifika kliniki akakuta kiti chake kina mtu. Muuguzi alimwonea huruma, lakini mashine zote zilikuwa na wenyewe hadi wiki ifuatayo. Akarudi nyumbani, akajilaza, asimwambie mtu.

Mkato alipokwenda kumjulia hali Jumapili, alimkuta anahema kwa shida, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa.

"Mbona hukunipigia, dada?"

"Waliniambia pesa zimerudi kwako. Nikajua umekwama ukazihitaji, mdogo wangu. Sikutaka kukuaibisha."

Maneno hayo yalimkata maini, maana aliukumbuka ujumbe alioufuta. Alimkimbiza hospitali, lakini maji yalikuwa yameshaingia kwenye mapafu, na moyo ulikuwa umechoka. Dada alifariki akiamini kwamba mdogo wake alikosa pesa. Mkato hakupata nafasi ya kumweleza ukweli.

Baada ya mazishi, Mkato alirudi ofisini, akafungua maelezo ya Rejesha, akaandika: "Zana hii hurudisha pesa na pia hufuta nafasi ya mgonjwa kwenye mashine. Usiitumie kwa sababu tu aliyelipa si mgonjwa, ndugu hulipiana. Ukiwa na shaka, usirejeshe chochote. Muulize mtu kwanza."

Mkaguzi aliyasoma. Alivuta kiti akakaa karibu naye, wakalia wote wawili.

Kuyaandika maneno yale hakukumaliza hata muda wa chai kupoa, na hilo ndilo linalomtafuna Mkato mpaka leo. Mdharau mwiba mguu huota tende, hata kama mguu wenyewe ni wa dada yake.