Jenerali wa Farasi Mweupe

Fulgence, fundi cherehani wa Ifakara, alikuwa na mapenzi yasiyo ya kawaida. Wenzake walipenda mpira na redio. Yeye alikusanya picha za wanajeshi wa zamani zilizofumwa kwa hariri. Kufikia mwaka 1994 alikuwa nazo tatu, kila moja ndogo kama kiganja. Mbili alizipata kwa watu wa Mahenge. Ya tatu, ya afisa mwenye masharubu, ilikuwa ya babu yake, aliyepewa na daktari Mjerumani baada ya kumbebea mizigo katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Baba yake Fulgence, mzee Valeriani, alikuwa kipofu. Kila Jumapili baada ya misa aliiomba picha hiyo, akaipapasa uzi kwa uzi, na uso wake ukakunjuka.

Hata hivyo, Fulgence hakuridhika. Mteja mmoja alimwambia kwamba Anselim, mfanyabiashara wa Chita, anayo picha ya hariri ya jenerali aliyepanda farasi mweupe, kubwa kama sinia. Tangu siku hiyo Fulgence akawa anahangaika kama kuku anayetaka kutaga. Alikata suruali za watu zikawa fupi, akashona mifuko nje ndani.

"Baba Eveline, hizo ulizo nazo zina kasoro gani?" mkewe, Odilia, alimwuliza.

"Ni ndogo."

Alhamisi alizitia zote tatu mfukoni, akapanda treni hadi Chita. Alimkuta Anselim akifunga mizigo, kwani alikuwa anahamia Mbeya siku hiyohiyo. Jenerali alikuwa ndani ya fremu, nyuma ya kioo, aking'aa.

"Niitoe niishike kidogo," Fulgence aliomba, akamwonyesha zake tatu.

"Utaichana. Nipe zako tatu uichukue. Kama hutaki, naifunga. Treni hainisubiri."

Fulgence aliitazama tena fremu. Alitoa mbili upesi. Ile ya afisa aliishika kwa muda, akavikumbuka vidole vya baba yake. Kisha akaitoa nayo.

Jumapili, mzee Valeriani aliketi barazani akisubiri.

"Shikamoo, baba. Leo nimekuletea kubwa zaidi," Fulgence alisema, akaondoa kioo kwa mara ya kwanza.

"Marahaba."

Vidole vya mzee vilizunguka mara moja, vikarudi tena, vikasimama.

"Hii ni karatasi, mwanangu."

Fulgence aliigusa. Ilikuwa karatasi ya kalenda iliyopakwa vanishi.

"Ya baba yangu iko wapi?"

"Nimeibadilisha na hii," Fulgence alisema. Mzee hakumgombeza. Aliinuka, akapapasa ukuta, akaingia ndani bila kula.

Kesho yake Fulgence alirudi Chita. Nyumba ya Anselim ilikwishapata wapangaji wengine, na hakuna aliyejua alikofikia huko Mbeya. Akawa kila treni ya kutoka Mbeya ikiingia Ifakara anaacha cherehani, anakimbilia stesheni kutazama nyuso za abiria, na kila mara anarudi mikono mitupu. Naam, usiache mbachao kwa msala upitao.