Sauti Iliyotoka Shimoni kwa Mzee Chewa

Hapo zamani za kale, wakati samaki walikuwa na meza na mikeka na wakipigiana hodi kama sisi, palikuwa na kidimbwi kikubwa cha maji ya chumvi katikati ya miamba. Kilikuwa na mlango mmoja tu, upande wa baharini. Bahari ikijaa, maji mapya yaliingia kwa mlango huo, na ikitoka, maji ya zamani yalitoka kwa mlango huo huo.

Mwenye kidimbwi alikuwa Mzee Chewa. Mdomo wake ulikuwa mpana kama beseni, na hakuna aliyewahi kumwambia hapana. Jirani yake alikuwa Bwana Mkunga, mrefu, mwenye meno ya kuwatosha samaki watatu. Na kulikuwa na Uduvi. Uduvi alikuwa mdogo hivi, kama ukucha wa kidole chako cha mwisho, wewe unayetafuna kucha hapo. Aliishi kwenye mikunjo ya Bibi Tumbawe, aliyemlea tangu siku ile mama yake alipopita mbele ya Mkunga bila kuangalia.

Bibi Tumbawe hakuwa na miguu wala macho. Alikuwa na midomo midogo elfu moja, na kila mchana, jua likifika katikati, aliifungua yote kwa pamoja akapumua. Rangi yake ilikuwa zambarau, na Uduvi aliamini hakuna nyumba nzuri kuliko hiyo duniani.

Sasa sikilizeni ada ya nyumba ya Chewa. Mezani kwake, kumaliza chakula ilikuwa aibu. Mgeni akimaliza, Chewa alimuuliza kwa sauti ili wote wasikie, "Vipi, kwenu leo hawakupika?" Kwa hiyo kila mtu alisaza. Aliyesaza nusu alisifiwa. Aliyesaza zaidi ya nusu alipewa mto wa kuegemea. Kisha Chewa alipiga mkia, fyaa, masazo yote yakaenda shimoni nyuma ya nyumba, mchanga ukayafunika, na habari yake ikaisha.

Lakini ukitaka kusaza sana, lazima uwe na chakula kingi. Ndiyo maana mwaka mmoja Chewa alisukuma jiwe kubwa akaziba mlango, ili dagaa walioingia na maji wasitoke tena. Grrr, grrr, du. Likakaa. Tangu siku hiyo dagaa hawakutoka, na maji nayo hayakutoka.

Mwanzoni hakuna aliyeona kitu. Maji yalikuwa maangavu. Kilichoingia ndani yake hakikuwa na rangi, hakikuwa na harufu, hakikuwa na ladha. Kilikaa tu, kila siku kikiongezeka kidogo. Utando wa kahawia ukaota juu ya mawe, laini kama nywele, na nywele zile zilikuwa zikicheza hata maji yakiwa yametulia kabisa. Konokono wakaacha kutembea. Halafu mchana mmoja jua lilifika katikati, na Bibi Tumbawe akafungua midomo mia sita tu.

"Bibi, na ile mingine?" Uduvi aliuliza.

"Imekataa, mjukuu wangu. Kuna kitu humu ndani. Nakihisi kooni, lakini nikikitafuta sikipati."

Uduvi alishuka mpaka pale bibi yake aliposhikana na mwamba. Zambarau ilikuwa imetoka. Pamebaki peupe, kama mfupa, na weupe ule ulikuwa unapanda juu. Uduvi aliogopa mpaka sharubu zikamsimama. Hakuwa na mwingine duniani.

Akakumbuka masazo yanayoongezeka shimoni na maji yasiyotoka, akaenda mbio kwa Chewa, akamkuta mezani na Mkunga.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Sema haraka, supu inapoa."

"Mzee, yale masazo yako shimoni yanaoza. Na yakioza hayaishi. Yanageuka kitu kingine, yanarudi kwenye maji tunayopumua. Bibi yangu anakufa. Nakuomba tupunguze kusaza, na tufungue mlango, maji mapya yaingie."

Chewa alimgeukia Mkunga. "Jirani, wewe unaumwa?"

"Mimi? Siumwi popote."

"Na mimi siumwi. Haya, Uduvi, hicho kitu chako kina rangi gani?"

"Hakina, Mzee."

"Harufu?"

"Hakina."

"Basi hakipo. Nenda zako, kabla sijakumbuka kwamba na wewe ni chakula."

Hapo ndipo wakubwa wale walipokosea, watoto. Sumu ile ilianza na walio laini. Wenye ngozi nene ilikuwa haijawafikia tu.

Uduvi hakulala usingizi wa maana. Kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, alikwenda kimyakimya nyuma ya nyumba ya Chewa. Pembeni mwa shimo palikuwa na kome kubwa tupu, ganda ambalo mwenyewe alikufa zamani, nusu limezama mchangani. Akaingia ndani, akazunguka mizunguko yake yote mpaka mwisho, akasubiri. Aliposikia vijiko vimeanza kugonga sahani, akasema kwa pumzi yake yote:

"Nani anakula juu ya kichwa changu?"

Sauti ilizunguka ndani ya kome, ikatoka nene na ya baridi. Vijiko vikasimama.

"Umesikia?" Mkunga alinong'ona.

"Sikusikia kitu," alisema Chewa, ambaye alikuwa amesikia.

"Mimi ni Masazo," ikasema sauti. "Mlinipa vichwa vya samaki changu siku ya arusi ya Mkunga. Mlinipa migongo ya dagaa. Mlinipa mapezi, mlinipa macho. Nimekula, nimekua. Sasa nimewafika kiunoni. Nikiwafika shingoni nitatoka nije nile wanaosaza."

Chewa akauliza, "Unataka nini?"

"Endeleeni kusaza, nazidi kunenepa. Mwani wa kijani msiupande, maana unaninyonya, na mkiukata mkautupa nje mimi nakwenda nao vipande vipande. Na mlango, tafadhali sana, mlango msiufungue. Nitakufa."

Chewa akacheka kidogo, kicheko cha mwenye hofu. "Mjinga huyu. Ametutajia mwenyewe dawa ya kumuulia."

Siku hiyo hiyo ada ikageuzwa. Kusaza ikawa marufuku. Mkunga alilamba sahani mpaka ikang'aa, na Chewa akapunguza sufuria zake kutoka tano hadi mbili. Wakapanda mwani pembezoni mwa kidimbwi. Ulipokua wakaukata, wakautupa ng'ambo ya mwamba, ukakua tena, wakaukata tena. Utando wa kahawia ukaanza kupungua, na weupe wa Bibi Tumbawe ukapunguza mwendo.

Lakini haukusimama. Maji yalikuwa yale yale ya mwaka mzima. Mchana mmoja bibi alifungua midomo mia mbili, na sauti yake Uduvi aliisikia kwa shida.

"Nimechoka kidogo, mjukuu wangu. Tafuta tumbawe jingine la kuhamia."

"Sihami," alisema Uduvi. Alikuwa analia, ingawa ndani ya maji machozi hayaonekani.

Tatizo lilikuwa mlango. Kila Mkunga alipolitaja jiwe, Chewa alisema kesho. "Nikifungua, dagaa wangu wote watakwenda. Masazo mwenyewe sasa amekonda. Tusubiri."

Basi Uduvi akarudi kwenye kome. Jua lilikuwa katikati, maji yametulia, na mchanga wa shimoni ulikuwa mweupe usio na alama. Chewa na Mkunga walikuwa mezani. Uduvi alikuwa ameyapanga maneno yake tangu asubuhi. Akavuta pumzi, akafungua mdomo.

Kabla hajasema neno, sauti ikasema.

"Chewa."

Haikutoka kwenye kome. Ilitoka chini yake, mchangani, na haikuwa nene. Ilikuwa nyembamba na ya wengi, kama watoto wadogo wanaosema kwa pamoja.

Bwu. Bwu. Bwu. Mapovu yakapanda kutoka shimoni. Mchanga ukainuka taratibu, ukashuka, kama kifua cha aliyelala. Uduvi alitaka kutoka akashindwa, miguu yake yote kumi ilikuwa imekufa ganzi.

"Chewa. Wengine ulitutupa hatujafa. Mbona hutukumbuki? Tulikuwa wadogo, ulikuwa umeshiba."

Sahani ilianguka, ikavunjika.

"Tunasikia bahari nyuma ya jiwe. Tumechoka kukaa. Tufungulie, Chewa. Tufungulie twende."

Chewa hakusema kesho. Alitoka mbio, akalipiga jiwe kwa bega, du, akalipiga tena, du, akalipiga mara ya tatu huku akisema nisameheni, nisameheni. Jiwe likaporomoka. Bahari ikaingia, shwaaa, maji ya baridi, mageni, yakazunguka kidimbwi chote. Kome likabingirishwa na Uduvi ndani yake, mpaka likagonga kitu laini likasimama. Aliyemzuia alikuwa Bibi Tumbawe.

Maji yakatoka, yakaingia, yakatoka. Siku tatu ikawa hivyo. Dagaa walikwenda na wengine wakaja. Siku ya nne jua lilifika katikati, na mdomo mmoja uliokuwa umefungwa, pale pembeni mwa weupe, ukafunguka. Kisha wa pili. Uduvi alihesabu mpaka akapoteza hesabu, akaanza upya kwa furaha.

Jioni hiyo Chewa aliwaalika wote, sahani ndogo ndogo. Mkunga alijisogeza karibu na Uduvi, akamwambia taratibu, "Nilikuona, bwana. Siku ile ya kwanza. Sharubu zako zilitokeza kwenye kome."

Uduvi akashtuka. "Na ulinyamaza?"

"Nilikuwa na njaa miaka mingi kwa ile ada ya kusaza. Niliona heri unisaidie." Mkunga akacheka. "Ila ulinichanganya. Siku ya kwanza ulitukataza kufungua mlango. Siku ya pili ukatuomba tuufungue. Mbona uligeuza?"

Uduvi aliangalia lile shimo. Mchanga ulikuwa umetulia.

"Ile ya pili," alisema, "sikusema mimi."

Mkunga aliacha kucheka. Akatazama sahani yake, pale palipobaki kichwa kimoja kidogo cha dagaa. Akakiokota kwa adabu, akakila chote, na mifupa yake.

Hadithi yangu imefika mlangoni, nami nauacha wazi. Jueni hili, watoto: ukitupacho ukadhani kimekwisha, bado unaishi nacho nyumba moja.