Radhi Moja ya Bi Sikudhani

Nisikilizeni, wakubwa kwa wadogo, na asiwepo wa kukata shauri kabla sijafika mwisho, maana hata waliokuwepo wenyewe walishindwa.

Palikuwa na watu watatu katika mtaa mmoja wa Dar es Salaam, nyuma ya reli, na kila mmoja alikuwa na kipaji chake.

Kondo alikuwa na mkono. Aliwahi kuwa bondia, na ngumi yake ya kulia ilikuwa ya kulaza tu: unaanguka, unaamka baada ya dakika mbili, unauliza uko wapi. Tangu mdogo wake Mwinyimvua akutwe amekufa chooni na sindano mkononi, Kondo aliacha ulingo akaanza kuwawinda wauza unga wa kulevya. Akimpata mmoja humlaza, humfunga kamba, humwacha mbele ya kituo cha polisi na mzigo wake shingoni. Alifanya hivyo mara kumi na moja. Watu wakamwita Fundi Usingizi. Mwenyewe alikuwa na kiapo kimoja: nitalaza, sitaua.

Chausiku alikuwa na sauti. Sauti yoyote aliyoisikia ilibaki kwake, naye aliweza kuitoa kama ilivyo, pamoja na kikohozi chake. Harusini aliwaigiza mabibi na mashehe, watu wakashika mbavu. Lakini nyumbani kwake hapakuwa na kicheko. Binti yake alikuwa ameuza hadi masufuria kwa ajili ya unga.

Pazi alikuwa na vidole. Hakuna kufuli lililomkatalia. Kipaji hicho alikipata kwa njia mbaya, zamani alipokuwa teja akiingia nyumba za watu. Sasa alikuwa ameacha, ana kibanda cha kuchonga funguo, na kila asubuhi huenda hospitali kunywa dawa yake ya kuzuia hamu ya unga mbele ya nesi.

Aliyewakutanisha ni Dilunga. Unga wote wa mtaa ule ulitoka kwake, ingawa mikononi hakuushika. Alikamatwa mara mbili, na mara mbili jalada likapotea. Hatembei bila walinzi wawili. Kondo alimfuatilia miezi mitano asipate upenyo wa kumsogelea.

"Ana mama," Pazi akasema siku moja. "Nilimwona enzi zangu za uteja. Akiitwa na mama yake, huacha kila kitu."

Mama huyo alikuwa Bi Sikudhani, mpika vitumbua. Chausiku alienda kwake asubuhi tatu mfululizo, akaketi kwenye kigoda, akala, akasikiliza. Siku ya tatu yule bibi alimwongezea kitumbua kimoja.

"Kula, mwanangu. Umekonda," alimwambia.

Chausiku akala. Akaondoka na sauti nzima ya bibi wa watu kooni mwake.

Ijumaa alasiri Dilunga alipokea simu. "Dilu, mwanangu, nimeanguka. Simu yangu imevunjika, nimeazima ya mpita njia. Wameniweka kivulini, kwenye lile ghala la korosho karibu na reli. Mguu hauinuki."

Dilunga hakungoja walinzi. Alipanda pikipiki na ndala miguuni.

Pazi alikuwa amekwisha kulifungua ghala tangu mchana. Dilunga alipoingia tu, Pazi akausukuma mlango na kuutia kufuli kwa nje, kama walivyopatana. Ndani alikuwemo Kondo.

"Mama yuko wapi?" Dilunga akauliza. Hakuuliza huyu mbele yake ni nani, wala hakuinua mikono.

Kondo akapiga. Ilikuwa ngumi ileile ya siku zote. Ila mtu anayeona ngumi inakuja hukaza shingo hata bila kujua, na macho ya Dilunga yalikuwa yanamtafuta mama yake kwenye kona za ghala. Alikwenda chini kama gunia, kisogo kikagonga mizani ya chuma.

Kondo alimngoja aamke. Damu ilipotoka sikioni, akaukimbilia mlango na kuugonga kwa mikono miwili, akipiga kelele wafungue, wampeleke mtu hospitali. Lakini treni ya mizigo ilikuwa inapita. Pazi alisikia vishindo tu. Akadhani ni Dilunga anataka kutoroka, akauegemea mlango kwa mgongo wake wote. Treni ilipoisha kupita na sauti ya Kondo ikasikika, Dilunga alikuwa hahemi tena.

Polisi waliikuta maiti ghalani, kufuli limetiwa kwa nje; wakasema ameuawa na wenzake, wakalifunga jalada. Mtaani watu walipika pilau. Binti ya Chausiku alitulia nyumbani wiki mbili nzima, akafua nguo zake zote. Kisha muuzaji mwingine akaja kusimama pembe ileile, na binti akatoka.

Kondo hakumlaza mtu tena. Alianza kuuzungushia mkono wake wa kulia kitambaa, kama mwenye jeraha, na akiulizwa husema unauma.

Siku ya arobaini Bi Sikudhani alisomesha hitima. Wale watatu walienda, maana kutokwenda kungewaumbua. Baada ya dua, yule mama akasimama mlangoni, wanaume wa barazani na wanawake wa uani wakimsikia.

"Mwanangu alikuwa mtu mbaya," alisema. "Msinifiche. Waliokufa kwa sababu yake nimewalilia na mimi. Lakini alitoka mbio akiwaambia walinzi mama ameanguka, na mimi sikuanguka. Kuna aliyechukua sauti yangu. Kuna aliyefunga mlango. Kuna aliyepiga. Jumapili narudi kwetu Kisarawe kuingoja siku yangu, nami nimejipima nikaona kifua changu kina radhi moja tu. Aje mtu mmoja, aniambie mwanangu alisema nini mwisho, nitamsamehe hapa na mbele ya Mungu. Wa pili asije. Wa pili nitamlaani, na sitaki kufa na laana mdomoni."

Jumamosi walikutana kibandani kwa Pazi.

"Mkono ni wangu," Kondo akasema. "Na neno la mwisho nililisikia mimi, nyinyi mmelipata kwangu. Aende nani mwingine?"

"Mkono wako ulimkuta ameshakwisha," Chausiku akajibu. "Dilunga alikufa alipoitika. Nimekula mkononi mwa yule bibi, Kondo, kisha nikachukua koo lake nikamtegea mwanawe. Wewe umevunja kiapo. Mimi nilichovunja hata jina lake silijui."

Pazi alikuwa anachezea ufunguo usio na meno. "Ulipogonga alikuwa hai," alisema taratibu. "Niliyemzuia asiokolewe ni mimi. Na niliyewaambia ana mama ni mimi. Nesi ananiuliza kila asubuhi mbona natetemeka. Nikirudi kwenye unga safari hii, sitoki."

Kondo akataka wapige kura. Chausiku akakataa, akasema radhi si kitu cha kupigiwa kura. Kondo akaona haya moyoni, kwa kuwa alijua hagombei haki. Alichotaka ni kuutua mzigo, na kuutua kwake ni kuwatwika wenzake wawili laana au ukimya wa maisha.

Jumapili asubuhi alitoka peke yake bila kumwambia mtu. Alipofika nyumbani kwa Bi Sikudhani, akamkuta Chausiku amesimama kwenye ngazi, macho mekundu, na Pazi ameegemea ukuta. Mlango ulikuwa wazi. Ndani yule mama alikuwa anafunga mzigo wake kwa kanga.

"Nani yupo hapo nje?" akauliza.

Mimi hadithi hii niliachiwa hapo, wote watatu wakiwa nje na gari la Kisarawe limeshapiga honi barabarani. Basi nyinyi mliokaa hapa semeni: mkipewa nafasi ya kumsukuma mmoja tu aingie, mtamsukuma nani, na wale wawili mtawaambia nini?