Waliosema Wameshika Kamba

Hapo zamani za kale, wanangu, katika mwaka wa pili wa ukame mkuu, Bi Nyati, Bwana Tembo na Bwana Kiboko walichimba kisima kwa shirika. Jumatatu na Alhamisi walikutana shimoni. Siku nyinginezo kila mmoja alisokota kamba nyumbani kwake.

Alhamisi moja, tarehe tisa Mfungo Tatu, Nyati aliwahi kama ilivyokuwa desturi yake. Ndama wake alikuwa amekauka ulimi kwa kiu. Akajifunga kamba kiunoni, akateremka kwa vidato vya udongo, akachimba. Chaka! Chaka!

Baadaye akasikia sauti nzito ya Tembo huko juu.

"Bi Nyati! Umeamkaje?"

"Salama, bwana. Na Kiboko je?"

"Nipo, shemeji! Tumbo limetangulia, mwenyewe nimefuata," akajibu Kiboko, kwa mzaha wake uleule.

"Mmeshika kamba?"

"Tumeshika!"

Nyati akacheka, akazidisha bidii. Mara maji yakafoka, bwububu! Udongo ukalainika, vidato vikaporomoka, pwaa!

"Maji, jamani! Nivuteni!"

"Tunavuta! Haya! Huuu!"

Kamba haikukaza. Maji yakamfika magotini, yakamfika kifuani. Ndipo Nyati alipong'amua: Tembo akikanyaga, ardhi hutetemeka. Leo ardhi ilikuwa imetulia tuli.

Ukingoni kikachungulia kichwa chembamba cha Nguchiro, midomo iking'aa kwa asali. Kando yake alisimama Kasuku.

"Nguchiro! Wenzangu wako wapi?"

"Wamelala kwao, mama. Kila mmoja alinipa kibuyu cha asali ili Kasuku aitike badala yake. Amejifunza sauti zao, hata mizaha yao! Nami nilimwambia kila mmoja: pumzika wewe tu, wenzako wapo."

"Kimbia ukawaite!"

"Nikawaite? Si watadai asali yao?" Nguchiro akatoweka, chwii!

"Tumeshika!" Kasuku akaimba. "Tumeshika!"

Ijumaa asubuhi, ingawa haikuwa siku ya kukutana, Tembo na Kiboko walifika, kila mmoja akiona haya kumuuliza mwenziwe habari za jana. Kisima kilikuwa kimejaa hadi ukingoni.

"Bi Nyati!" akaita Tembo. "Upo?"

"Nipo, jamani!" ikajibu sauti ya Nyati kutoka mtini.

Wakaridhika, wakainama, wakanywa. Ndama peke yake alikizunguka kisima, akiinusa ile kamba.

Shikeni hili, wanangu: sauti haivuti kamba.